Kimya Mbele ya Barafu

Ngurumo. Ilitoka ndani ya simu ya Mzee Sharif, ikatushtua sote sebuleni, kisha kimya.

"Ruwaida, mwanangu, wanisikia? Mansur amekuja kukuposa. Umeridhika?"

Kimya.

Mzee Barakat, ami yake Mansur, akatabasamu. "Kimya cha mwanamwali ni idhini. Tusome Fatiha."

Mikono ikainuliwa. Yangu haikuinuka. Kina Mansur walikuwa wamenileta Bamburi nighani shairi la posa. Jina la binti sikuambiwa; nililijua nilipouona mlango wa kina Ruwaida wangu. Tulipendana kwa siri tangu kabla hajaenda Chile kusomea miamba.

"Hamsomi!" nikasema.

"We Luqman! Umekuja kughani, si kuozesha," akanikemea Barakat.

"Na sighani! Mpigieni tena, mumuone uso. Akisema ndiyo, wallahi nitaghani mpaka mlie."

Mzee Sharif akapiga kwa video. Ruwaida akatokea, kajifunika makoti mpaka masikioni.

"Abee, baba! Umesikia? Ukuta wa barafu umeanguka ziwani mbele yangu! Nilisahau hata kama nina simu mkononi."

"Sisi tulikuuliza posa."

"Posa? Posa ya nani?"

Mansur akashusha kofia machoni.

"Ngoja, baba, tazama kwanza." Akageuza kamera.

Ya Rabbi! Barafu ya buluu, imesimama juu kuliko ghorofa yoyote ya Mombasa, na nyuma yake milima imechomoza kama meno ya papa.

"Nchi yenyewe nyembamba kama utepe, baba, lakini Mungu kaijaza. Kaskazini nimeacha jangwa, ndege heroe wanakula katikati ya chumvi nyeupe. Nikapita chini ya mlima unaotoa moshi, nikashika miti iliyoishi maelfu ya miaka. Leo hii barafu. Nchi moja!"

"Subhanallah," akanong'ona Mzee Sharif.

Mimi ninayejigamba kuwa Kisauni nzima hakuna kitu nisichoweza kukitungia, beti zilinikauka kinywani.

"Baba, Mansur namheshimu, lakini simtaki. Nimtakaye ni huyo nyuma yako, aliyekunja uso. Luqman wa Mjambere. Umeridhika?"

Mlio ukapasuka. Pande kubwa kama msikiti likajitenga na ukuta, likashuka taratibu, maji yakaruka mbinguni. Mzee Sharif mdomo wazi. Barakat vilevile. Hata Mansur alikuwa ameipandisha kofia apate kuona.

Kimya.

"Baba? Mbona umenyamaza?" Ruwaida akaangua kicheko. "Basi ni idhini. Someni Fatiha!"

Mzee akacheka hadi machozi. "Umenishika, mwanangu!"

"Ami, twende zetu," Mansur akainuka. "Mimi sishindani na mlima wa barafu."

Mzee Sharif akanigeukia. "Na wewe, mghani, posa haiji na mtu mmoja. Wazee wako wako wapi?"

"Ijumaa baada ya sala nitawaleta, inshallah."

Nikaiinamia simu.

"Ruwaida, nakuahidi mbele ya babako. Popote utakaposimama kutazama kitu kama hicho, nitasimama nawe, na sitakuuliza neno mpaka ngurumo iishe."