Chumvi ya Samaki

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Zuena alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa mtaa wa Nyamugari aliyekuwa nayo. Alisogea kwenye tangi la kioo pale sebuleni, akachota chakula kidogo kwa ncha za vidole na kukinyunyiza juu ya maji. Samaki wawili wa rangi ya machungwa, wenye mikanda myeupe mwilini, walipanda juu mbio wakipigana vikumbo. Yule mkubwa alikuwa jike na mdogo alikuwa dume. Wanaitwa samaki klauni, kwa sababu rangi zao ni kama nguo za mchekeshaji. Kwao ni kwenye bahari yenye joto, mbali kabisa na milima ya Gitega, Burundi.

Walifikaje Gitega basi? Nassoro, baba yake Zuena, alikuwa fundi wa friji. Mgahawa mmoja wa Bujumbura ulipofungwa, mwenye mgahawa alimpa tangi lile pamoja na samaki wake kama shukrani. Nassoro akawapokea kama mtu aliyepewa watoto wa kulea. Alijifunza kuchanganya maji yao, akafunga betri ili pampu isizimike umeme unapokatika, na jioni hakugusa sahani yake kabla samaki hawajala. Mkewe Salima, fundi cherehani wa mtaa wa Magarama, aliliita lile tangi "mke mwenzangu".

"Mke mwenzangu ameamkaje leo?" aliuliza kila asubuhi, na Nassoro akacheka tu.

Wiki ile nyumba nzima ilikuwa na furaha, kwa sababu jike alikuwa ametaga. Mayai madogo mno yalikuwa yamegandana kwenye kigae cha chungu kilicholazwa ndani ya tangi. Dume hakubanduka pale. Aliyapepea kwa mapezi yake mchana kutwa, na mtu akisogeza uso kwenye kioo, alimrukia kana kwamba angeweza kumng'ata. Mara zilizopita samaki hao walikuwa wameyala mayai yao wenyewe.

"Safari hii ametulia," Baba alisema, macho yakimng'aa. "Zikitoka salama, itakuwa samaki ya kwanza ya bahari kuzaliwa hapa Nyamugari! Mi nitachinja kuku."

Lakini kazi haingoji mayai. Nassoro aliitwa Muyinga kutengeneza mafriji ya duka moja la nyama, na asubuhi ya safari alimwita Zuena mbele ya tangi.

"Sikiliza vizuri, we. Maji ikipungua, ongeza maji tupu, kwa sababu chumvi haipotei, inapotea maji. Katikati ya wiki toa ndoo moja, urudishe ndoo mpya uliyochanganya na chumvi ya samaki. Iko nyuma ya mlango. Na ukiona kitu, hata kidogo, unipigie simu."

"Ego, Baba," Zuena akaitikia kwa Kirundi, akijiona mkubwa kuliko umri wake.

Kesho yake alasiri alikuwa ukumbini akifunga viatu aende kuruka kamba na rafiki yake Farida. Jirani yao, Mama Klara, akaja mbio akijifuta mikono kwenye kitenge. Mama Klara alikuwa amekulia Tanzania, na tangu arudi Burundi aliishi kwa kuuza samaki waliokaushwa kwa chumvi.

"Zuena mwanangu, nisaidie. Nimeletewa samaki wabichi na hili jua litaniharibia. Mna chumvi ya samaki?"

Chumvi ya samaki! Neno lilikuwa lilelile la Baba, herufi kwa herufi. Zuena alisita kidogo, lakini nje Farida alikuwa anapiga mluzi wa kumharakisha. Akaitoa ile ndoo nyuma ya mlango, akamkabidhi jirani.

"Yote hii?" Mama Klara akashangaa.

"Beba tu, Mama Klara."

Akatoka mbio kwenda kwenye kamba. Jioni aliporudi, alimwona Mama Klara uani kwake akiwapaka samaki chumvi, na beseni lilikuwa limejaa. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Ile haikuwa chumvi ya kuwapaka samaki waliokufa. Ilikuwa chumvi yenye madini machungu ya bahari, ya kuwapa uhai samaki walio hai, na Baba aliiagiza kutoka Dar es Salaam kwa dereva wa lori. Angeweza kuvuka uani wakati uleule aseme, "Mama Klara, nimekosea." Lakini aliona aibu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Ilipofika siku ya kubadilisha maji, alichukua chumvi ya jikoni. Alikoroga, akatumbukiza kipimo cha chumvi cha Baba, na mshale ukasimama palepale unapotakiwa. Akajipa moyo kwamba chumvi ni chumvi tu.

Baba akapiga simu. "Samaki iko aje?"

"Iko sawa, Baba."

"Na chumvi? Mahmudu, yule dereva, iko Dar leo. Anauliza kama alete ingine, atanipitishia hapa Muyinga."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Lakini akisema chumvi imekwisha, ataulizwa imekwendaje. "Iko mingi," akajibu.

"Bon. Basi nitamwambia asijisumbue."

Zuena akaweka simu mezani na kutazama ukuta. Hakuwahi kumdanganya baba yake kwa jambo kubwa, na sasa alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Chakula cha usiku kilimshinda. Mama akamgusa shingo kuona kama ana homa.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Nimeshiba."

Kesho yake jike hakuja kula. Alijibanza pembeni akihema harakaharaka. Zuena akadhani labda chumvi aliyoweka haikutosha, kwa hiyo akachanganya ndoo nyingine, kali zaidi, akaimimina. Ilikuwa sawa na kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Jioni Baba alipopiga simu tena, akamjibu vilevile, "Iko sawa." Siku iliyofuata jike alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, na baadhi ya mayai yalikuwa yamegeuka meupe. Dume peke yake aliendelea kupepea. Zuena alifunika tangi kwa khanga, akamwambia Mama kwamba samaki wanahitaji giza. Shuleni mwalimu alimuuliza swali mara mbili na hakusikia hata moja.

Alipotoka shule, simu ililia. Sauti ya Baba ilikuwa imejaa kicheko, na nyuma yake zilisikika sauti za wanaume wengine.

"Zuena! Niko na wenzangu hapa, nawahadithia mayai yetu. Hawaamini kama samaki ya bahari inaweza kuzaa Gitega. Nikawaambia, mi niko na fundi mdogo nyumbani, anachunga kuliko mi mwenyewe! Waambie mwenyewe, mayai iko namna gani?"

Sifa zile zilimchoma kuliko fimbo. Kama Baba angemgombeza, pengine angedanganya tena. Lakini kusifiwa kwa kazi aliyoiharibu, mbele za watu, kulimshinda. Akaangua kilio.

"Baba, samaki zinakufa! Chumvi yako nilimpa Mama Klara. Niliweka ya jikoni. Nilikudanganya, Baba, siku zote nilikudanganya!"

Baba akasogea pembeni mpaka sauti za wanaume zikafifia.

"Mahmudu amevuka mpaka wa Kobero asubuhi," Baba alisema taratibu. "Amepita hapa mbele yangu na lori, bila chumvi. Mi ndio nilimwambia." Akavuta pumzi. "Haya. Machozi haisaidii samaki. Kimbia kwa Mama Klara, muulize kama amebakisha. Mwambie ukweli yote."

Zuena alikimbia. Mama Klara alikuwa anafagia uani, na akamsikiliza mpaka mwisho huku ufagio ukiwa mkononi.

"Kumbe!" akasema. "Mwanangu, nilimwonja samaki mmoja kabla sijawapeleka sokoni, chungu kama shubiri! Nikamwaga beseni zima. Siku zote hizi najilaumu, nikidhani nimewaharibu mwenyewe kwa uzembe wangu."

Zuena akainamisha kichwa. Kumbe kimya chake kilikuwa kimemtesa hata mtu ambaye hakuwa amemfikiria. "Nisamehe, Mama Klara."

"Nimekusikia. Lakini ungeniambia siku ileile, mimi ningepata samaki wangu na wewe wako." Akaingia ndani, akatoka na ile ndoo. Ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Salima alipofika kutoka Magarama na kuelezwa, hakutania hata neno moja. Alishika simu karibu na sikio la bintiye, na Baba, kutoka Muyinga, akaelekeza hatua kwa hatua: toa maji, changanya mapya polepole, pima, ngoja, toa tena. Kesho yake jike aliinuka kutoka mchangani. Siku iliyofuata akala punje moja ya chakula, na Zuena akalia tena, mara hii kwa nafuu.

Lakini mayai yote yalikuwa yamekufa.

Baba aliporudi, Zuena alisimama kando ya tangi akingoja kipigo. Nassoro aliweka mkoba wa vifaa chini, akaketi sakafuni mbele ya kioo, akamwashiria mtoto aketi pia. Ndani ya tangi, dume alikuwa angali palepale kwenye kigae, akiyapepea mayai meupe kwa bidii ileile.

"Kwa nini haachi?" Zuena akauliza kwa sauti ndogo. "Yamekufa."

"Hajui. Hakuna wa kumwambia." Baba alitazama kwa muda, kisha akageuka. "Na mi nilikuwa hivyohivyo, Zuena. Huko Muyinga nilikuwa napepea. Nasifu mayai kwa watu, nacheka, kumbe imekwisha kufa. Tofauti ni kwamba mi nilikuwa na mtu wa kuniambia."

Machozi yalimdondoka Zuena magotini.

"Kutoa chumvi ilikuwa kosa la haraka," Baba akaendelea. "Kosa la namna ile nalifanya mi pia, analifanya kila mtu. Ungelisema siku ileile, lingekwisha siku ileile, na Mahmudu angeleta ingine. Lakini kila nilipouliza ukajibu 'iko sawa', ulichagua. Mayai haikuuawa na chumvi peke yake, mtoto wangu. Iliuawa na 'iko sawa'. Mtu akikosea, aseme mapema, hata kama sauti inatetemeka. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Na Jumamosi nitakwenda kumsaidia Mama Klara kuosha samaki, mpaka hasara yake irudi."

"Vizuri. Utakwenda." Akamwekea mkono begani.

Wakabaki wameketi pale, baba na mtoto, wakimtazama yule baba mwingine ndani ya maji, ambaye bado alikuwa anapepea.