Hakuwa Mgonjwa

Keki ilifika kabla ya harusi.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, theluji imefika magotini. Keturah Vance alipofungua mlango wa ofisi ya gazeti la Sauti ya Bonde, alikuta kipande cha keki kimewekwa katikati ya meza ya jiwe ya kupangia kurasa, kimefungwa kwa kitambaa cheupe cha kitani. Hapo katika mji mdogo wa Tansy Creek desturi ilikuwa moja. Aliyeoa alituma tangazo gazetini pamoja na kipande cha keki kwa wachapaji, nao wachapaji wakaongeza chini yake mstari mmoja wa shukrani. Wafiwa walituma tangazo peke yake.

Kipande hiki hakikuwa na tangazo. Na kwenye theluji mbele ya mlango hapakuwa na nyayo zozote ila za Keturah mwenyewe.

"Nani kaoa kimyakimya?" aliuliza Bwana Rusk, mhariri, akikung'uta buti. Alikuwa mzee mnene aliyependa vitu vitamu kuliko habari. "Au ni wewe? Niambie mapema, nisije nikaanguka kwa mshtuko."

"Ningeolewa mimi, ungetoa toleo maalumu."

"Ningelizungushia maua pande zote nne!" Akafungua kitambaa, akachukua kisu.

Keki ilikatika kama udongo. Ndani ilikuwa ya kijivu, na harufu iliyotoka haikuwa ya zabibu wala ya pombe ya tufaha. Ilikuwa harufu ya unga ulioloa, uliokaa majini siku nyingi. Katikati yake ulijikunja unywele mmoja mrefu wa rangi ya shaba. Bwana Rusk akaacha kucheka. Alikitupa kile kipande ndani ya jiko la kuni, kitambaa na vyote, na kwa muda mrefu moto ukawa unatoa mlio wa maji yanayochemka.

"Utani wa wahuni," alisema hatimaye.

Kabla kitambaa hakijashika moto Keturah alikuwa ameona herufi mbili zilizodariziwa pembeni, P na D.

Keturah alikuwa mpanga herufi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amesimama mbele ya kasha lenye visanduku vya herufi za madini ya risasi, akiziokota moja moja na kuzipanga katika kishikio cha chuma alichoshika kwa mkono wa kushoto. Alisoma maneno kinyumenyume upesi kuliko wengi wanavyosoma kwa kunyooka. Ndoa zote za bonde lile na vifo vyake vyote vilikuwa vimepita vidoleni mwake.

Jumatano, siku ya kuchapa, mdogo wake Lovina aliingia na mashavu mekundu kwa baridi. Keturah alimlea tangu mama yao alipofariki, Lovina akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na ishirini na miwili, na kesho yake saa kumi jioni angeolewa na Asahel Dorn, mwenye kinu cha kusaga, aliyefiwa na mkewe miaka miwili iliyopita.

"Dada, Asahel anaomba tangazo litoke kesho asubuhi," alisema, akitoa karatasi. "Anataka wageni wasome mezani."

"Mchungaji hata kitabu hajafungua!" alipaza Bwana Rusk kutoka mezani kwake. "Tangu lini gazeti likamtangulia mchungaji?"

"Mwambie mwenyewe, Bwana Rusk. Mimi nimetumwa."

"Nitamwambia nini mtu aliyewapelekea wajane unga bure msimu mzima? Haya, liwekeni."

Ni kweli, Asahel aliwapelekea wajane unga. Laiti watu wa aina yake wangekuwa na pembe, kazi ya kuwajua ingekuwa nyepesi. Keturah aliutazama mwandiko wa kwenye karatasi, wenye mikia mirefu iliyojikunja. Mara ya mwisho aliuona miaka miwili nyuma, katika tangazo la kifo cha mke wa kwanza. *Philena Dorn, miaka ishirini na minne, baada ya homa fupi aliyoivumilia kwa subira.*

"Lovina," alisema polepole. "Mngengoja majira ya kuchipua."

"Tangu Krismasi unasema tungoje. Tungoje nini?"

Keturah akaiweka karatasi juu ya kasha. "Barabara zikauke," alisema.

Lovina alipokwisha kwenda, akaanza kupanga. Katika ukurasa wa tatu vichwa viwili vilikaa bega kwa bega, WALIOOANA kushoto na WALIOFARIKI kulia. Aliliweka tangazo chini ya WALIOOANA, akakaza fremu, akapaka wino, akatoa karatasi ya majaribio. Tangazo lilikuwa kulia, chini ya WALIOFARIKI.

Uchovu, alijiambia. Akalihamisha. Karatasi ya pili ikatoka vilevile. Safari ya tatu alilihamisha huku amelishika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto, akalikaza mwenyewe, akalitazama mpaka mtambo ulipoligandamiza. Karatasi ya tatu ilipobanduka, tangazo lilikuwa upande wa wafu, na vipande vya shaba vinavyotenganisha safu vilikuwa vimepinduliwa, unene wake ukatazama juu, kama wachapaji wanavyofanya akifa mtu mkubwa, hivyo mistari myeusi ya msiba ikawa imelizunguka pande zote. Na maneno hayakuwa ya Asahel tena.

*Lovina Dorn, miaka ishirini na miwili, amekufa. Hakuwa mgonjwa.*

Keturah alikaa chini palepale sakafuni. Maneno yale mawili ya mwisho hakuna mtu aliye hai aliyepata kuyasoma isipokuwa yeye.

Majira ya baridi ya miaka miwili iliyopita Philena aliingia ofisini wakati Bwana Rusk amekwenda kula, kofia yake ameishusha mpaka usoni ili kuficha jicho lililovimba. Aliweka karatasi ndogo kwenye meza ya jiwe. "Ukisikia nimekufa, uchape hii," alisema. "Usimwonyeshe mtu. Chapa tu." Siku nne baadaye alikuwa kaburini, jeneza limepigwa misumari kabla majirani hawajafika. Asahel akaleta tangazo lake lenye homa na subira, na Keturah akalipanga herufi kwa herufi, kwa mikono hiyohiyo. Aliogopa. Alijiambia kwamba labda mwanamke yule alikuwa na huzuni tu, kwamba karatasi si shahidi. Akaikunja, akaificha chini ya herufi za X ambazo hazikuguswa hata mara moja kwa mwezi. Na kila wiki iliyopita iliifanya wiki iliyofuata kuwa ngumu zaidi, hata siku Lovina alipokuja na pete kidoleni ukweli ukawa umeshaota kutu mdomoni mwake.

Sasa aliinuka, akafukua herufi za X. Karatasi ilikuwepo, imelowa chapachapa. *Philena Dorn, miaka ishirini na minne, amekufa. Hakuwa mgonjwa.*

Tik.

Mlio ule aliujua kuliko sauti yake mwenyewe. Ni mlio wa herufi ikiingia kwenye kishikio.

Tik. Tik.

Ulikuwa mchana kweupe, nuru ya theluji imejaa madirishani, na Bwana Rusk alikuwa upande wa pili wa ukuta akikohoa kama kawaida yake, na katika nuru ile ambamo hakuna kitu kingeweza kujificha Keturah alimwona mwanamke amesimama mahali pake mbele ya kasha, amempa mgongo, miguu mitupu, nywele za rangi ya shaba zikichuruzika maji meupe yaliyochanganyika na unga, vidole vyake vikiokota herufi moja moja taratibu kama vya mwanafunzi ambaye hana haraka kwa kuwa muda wote wa dunia ni wake.

"Philena," alinong'ona. "Nakusihi. Usimguse mdogo wangu. Nichukue mimi."

Mwanamke hakugeuka. Sauti ilitoka chini, kama inapitia bombani.

"Mimi simgusi. Wewe ndiye unayemwandika."

Keturah alitoka mbio bila koti, akamkuta Lovina nyumbani, gauni la harusi limetandazwa kitandani. Akamweleza yote kwa sauti ya chini. Akampa karatasi ya Philena.

Lovina aliisoma mara mbili. "Miaka miwili, dada?"

"Niliogopa."

"Juzi ulinipimia gauni. Ulikuwa na pini mdomoni, unaniambia nisipumue. Ulijua?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Au una wivu? Sema ni wivu. Sema, nitakusamehe."

"Ningetamani uwe wivu."

"Toka."

Keturah akarudi ofisini. Aliuvunja ukurasa wa tatu. Akaliondoa tangazo la ndoa, akarudisha kila herufi kisandukuni mwake, na mahali pa wafu akapanga maneno ya Philena kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Bwana Rusk alikuja, akasoma karatasi ya majaribio ya ukurasa huo mpya akiwa amesimama.

"Hii itatufungia milango," alisema.

"Najua."

"Nilikula keki ya harusi yake yule binti. Ilikuwa nzuri." Alivua miwani, akaifuta. "Haya. Mimi sijaona kitu. Chapa."

Gazeti lilitoka Alhamisi asubuhi. Kabla ya adhuhuri Asahel Dorn alikuwa mlangoni, amevaa suti ya harusi, gazeti amelikunja kwapani. Hakupiga kelele.

"Shemeji," alisema kwa upole, akafunga mlango nyuma yake. "Lovina amejifungia chumbani, hataki kuniona. Sasa wewe utachapa karatasi nyingine leo, useme umekosea. Wapanga herufi hukosea, sivyo? Mwanamke mpweke, macho yamechoka. Watu watakuonea huruma."

"Sijakosea. Nilikosea mara ya kwanza."

"Nisikilize vizuri, shemeji." Akauegemeza mkono kwenye meza ya jiwe.

Chini ya mkono wake palikuwa na kitambaa cheupe cha kitani kimefunga kitu. Sekunde moja kabla hapakuwa na kitu. Asahel alikitazama, na damu yote ikamtoka usoni.

"Nani kaleta hiki?"

Keturah alikitazama kile kitambaa, herufi P na D zikionekana pembeni.

"Nani kakileta? Hiki nilimfunika nacho uso! Nilikipigilia misumari jenezani pamoja naye!"

Tik, likasema kasha. Kisha kwenye mbao kavu za sakafu ukachoreka unyayo wa maji, unyayo wa mguu mtupu mdogo, na mbele yake mwingine, na mwingine, nyayo zikimjia bila haraka, na harufu ya unga ulioloa ikajaa chumba hata Keturah akaziba pua, na Asahel akarudi nyuma hatua kwa hatua, midomo ikicheza bila sauti, mpaka mgongo ukagonga mlango, akaufungua kwa kupapasa na kutumbukia nje katika theluji.

Keturah alitazama dirishani. Alama za buti zilielekea kinuni. Kando yake, karibu kama wachumba watembeavyo, zilikwenda alama za miguu mitupu.

Walimpata Ijumaa kwenye mfereji wa kinu, chini ya barafu. Barafu ile, walisema waliomtoa, ilikuwa nzima, haina hata ufa, ikabidi waivunje kwa mashoka.

Lovina aliondoka kwenda kwa shangazi yao Iowa kabla theluji haijayeyuka. Hakumlaani dada yake, wala hakumuaga. Barua tatu za Keturah zilirudi hazijafunguliwa, wala Keturah hakumlaumu mdogo wake.

Aliendelea na kazi yake. Tangu siku hiyo hakupanga tena neno subira wala neno homa bila kwanza kuvaa koti na kwenda mwenyewe kwenye nyumba ya msiba, akaketi na wanawake waliomwosha marehemu, akauliza. Wengine walimchukia. Wengine walimngojea mlangoni.

Lakini kila asubuhi alipofungua ofisi, alikuta juu ya meza ya jiwe mistari miwili ya herufi imekwisha kupangwa, imefungwa vizuri kwa uzi, imelowa. Alikata uzi, akazikausha herufi kwa aproni, akazirudisha moja moja visandukuni mwake. Kesho yake zilikuwa palepale. Hakuhitaji kuzichapa ili azisome. Kinyumenyume alisoma upesi kuliko wengi.

*Keturah Vance, miaka*, kisha nafasi iliyoachwa wazi, *amekufa. Alijua.*