Molekuli Iliyopumua

Kilichoanza kilikuwa weusi tu. Wanafunzi wote walikuwa wakiizungusha himoglobini, molekuli ya damu, kwenye skrini zao, nyekundu na buluu, kama fundo la nyuzi. Kompyuta ya mwalimu peke yake ilionyesha mraba mweusi.

Mwalimu Mushagalusa hakushtuka. Yeye ndiye aliyekifundisha chuo kile, chini ya kilima cha Mulago, namna ya kutazama molekuli ndani ya kivinjari.

"Skrini ikiwa nyeusi msiogope," aliwaambia. "Kwanza pakia ukurasa upya." Akapakia. Weusi. "Funga kurasa nyingine, zinakula nguvu. Futa kumbukumbu ya kivinjari. Hakikisha kadi ya picha ya kompyuta imeruhusiwa kufanya kazi. Ikishindikana, jaribu kivinjari kingine."

Akajaribu kingine. Molekuli ikatokea, lakini ilikuwa inapumua.

Ilivimba, ikanywea, ikavimba tena, na hakuna mkono uliogusa kipanya. Wanafunzi wakacheka, wakidhani ni madoido yake. Ndipo ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, na kwenye spika sauti ya chini ikauliza, "Mama yako umemzika wapi?"

Mushagalusa akang'oa waya. "Ni virusi," alisema, na kufunga somo.

Havikuwa virusi. Alihamia kompyuta ya pili, ya tatu. Wengine wakikaa zilikuwa nzima, akikaa yeye kile kitu kilikuja na pumzi zake na swali lake. Na swali hilo lilimchoma kwa sababu alijua lilikotoka. Siku alipoajiriwa, Daktari Akwero, mkuu wa idara, alimuuliza habari za wazazi. Akajibu kwamba mama yake alifia vitani, Bukavu. Daktari akamshika mkono kwa huruma.

Mama yake, Mama Pélagie, alikuwa hai, tena karibu. Aliuza samaki wakavu mtaa wa Katwe, mji ule ule, katikati ya kelele za wafua vyuma, na Wakongo wenzake walimletea watu walioingiwa na mashetani, akawatoa kwa chumvi na maombi. Mushagalusa aliona haya kwa samaki wale. Kwa chumvi ile aliona haya zaidi.

Alimwendea akiwa ameinamisha kichwa, akamweleza yote. Mama alisikiliza huku akifukuza nzi.

"Ulisema nilikufa?"

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

"Ulichimba kaburi, mutoto yangu. Kaburi haipendi kukaa bure. Ile jini imekuja kutafuta mwenye kulala ndani." Hakukasirika, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. "Nitaenda na wewe. Lakini wakati naitoa, mutu yeyote akikuuliza mimi ni nani, jibu kweli. Ukijibu kweli, haina nguvu."

"Na nisipojibu?"

 Mama akaendelea kufunga chumvi kwenye kitambaa.

Walienda Jumamosi mchana, chuo kikiwa kitupu, mvua ikipiga mabati. Mama akavua kandambili mlangoni. Mushagalusa akaketi, akafungua kivinjari, na jini halikukawia. Mama akamwaga chumvi kuzunguka meza, akaanza kuomba kwa sauti ndogo, na kadiri alivyoomba ndivyo molekuli ilivyojikunja na kuhema kwa shida, na skrini zote za chumba kile, ambazo hakuna aliyeziwasha, zikawaka moja baada ya nyingine, na katika kila moja fundo lile lile likahema, na harufu ya udongo ikapanda hata Mushagalusa akaionja ulimini, na spika zisizounganishwa na waya wowote zikauliza kwa pamoja, umemzika wapi, umemzika wapi, na sauti ikawa inafifia, inafifia, kama mtu anayevutwa mbali, mpaka mlango ulipofunguka.

Alikuwa Daktari Akwero, mwavuli ukimchuruzika. Aliitazama chumvi, akazitazama skrini, halafu akamtazama mwanamke mwenye miguu mitupu anayenuka samaki.

"Mwalimu, huyu mama ni nani?"

Sauti zote zikakoma. Mafundo yote yalisimama, kama yanasikiliza.

Mushagalusa alimwona mama yake akimgeukia, akingoja. Jibu lilikuwa fupi. Uso ukamwaka moto.

"Ni... ni mama wa usafi, daktari."

Kutoka kwenye spika ilisikika pumzi moja ndefu, ya mtu anayejilaza kitandani baada ya safari. Mama Pélagie akapepesuka, akashika meza. Harufu ikatoweka. Skrini zikazimika, ikabaki moja, na ndani yake himoglobini ikizunguka taratibu, safi kabisa.

"Mama!" Mushagalusa alimnong'oneza, akimshika kiwiko.

Mama akajitoa polepole, kwa adabu. "Asante, baba. Kazi imekwisha? Unionyeshe njia ya Katwe, mimi mugeni huku."

Jumatatu Mushagalusa alibisha ofisini kwa Daktari Akwero, akasema akiwa amesimama, "Yule alikuwa mama yangu."

"Najua," alijibu daktari bila kuinua macho. "Nyinyi mko na uso moja. Mi nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Jioni ile Mushagalusa alikwenda Katwe. Mama Pélagie alimfutia kiti kwa upindo wa kitenge na kumkaribisha kama anavyokaribishwa mteja mwenye heshima. Mwana alimweleza yeye ni nani. Akamtajia jina alilompa, mtaa waliokaa Bukavu, kovu lake la goti. Mama akatikisa kichwa kwa upole, kama asiyemjua. Ndipo Mushagalusa akapiga magoti kwenye matope, mbele ya wafua vyuma na wauzaji wote, akapaza sauti ambayo hakuwahi kuipaza, "Huyu ni mama yangu! Mimi mtoto wake!"

Nyundo zikanyamaza. Mtu mmoja akacheka.

"Musimucheke," alisema Mama Pélagie, akimwinua mgeni wake kwa mkono. "Masikini. Pengine mama yake alikufa."