Aliyeachwa Apige Peke Yake

Jumamosi ya tatu tangu wamzike Pumzi, mpiga filimbi wao, filimbi iliingia katika muziki wao, na chumbani hapakuwa na mwenye filimbi.

Walikuwa watatu tu katika chumba cha nyuma ya kibanda cha kunyolea: kinyozi kwenye ngoma, fundi cherehani na gitaa lake, na shemeji yake kinyozi kwenye kinanda. Hawakuwa na wimbo wala mazoezi. Mmoja alianza apendavyo, wengine wakamjibu, na sharti lilikuwa moja: asiachwe mtu bila jibu.

"Mmesikia?" fundi alinong'ona.

"Bomba la maji hilo," kinyozi alisema. Lakini bomba halinuki mafuta ya karafuu, yale aliyojipaka Pumzi kwa ajili ya jino lake bovu.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Cha kinyozi kilivunja mtu. Siku ya onyesho lao, ukumbi ulipomshangilia Pumzi peke yake, wivu ulimkaba kinyozi akainua kidole kuwapa wenzake ishara ya kuacha kupiga, nao wakaacha. Pumzi akapiga, akangoja jibu, akapiga tena, mpaka watu wakaanza kucheka. Alirudi nyumbani akajilaza, hakula wala kusema na mtu, akafa.

"Mwombe radhi, shemeji," mpiga kinanda alisema kwa sauti ndogo. "Ishara uliitoa wewe."

"Nimwangukie maiti? Wateja watanicheka."

Kinyozi huyu aliishi kwa soga. Mdomo wake ulifanya kazi kuliko wembe, na mtaa mzima ulimjibu. Basi akaichapa ngoma kwa hasira, na papo hapo filimbi ikakatika, gitaa na kinanda navyo vikakatika, na wenzake wakabaki wanamtazama.

"Pigeni," alisema. Kimya. Akamtikisa shemeji yake, akambembeleza, akamtukana, wala yule hakutikisa hata ukope, ndipo hofu ikamshika kweli, akatoka mbio mchana kweupe, akimsalimu muuza ndizi, akimwita mteja wake wa miaka kumi, akimsihi mpita njia asiyemjua walau ampe neno moja, na kila mmoja aligeuka, akamkazia macho, akafunga mdomo, huku ile harufu ya karafuu ikimfuata mgongoni mpaka mlangoni kwake.

Mkewe alikuwa anamenya viazi. Binti yao alikuwa mkekani, yule ambaye humparamia babake kabla hajavua viatu.

"Mama watoto."

Mkewe aliinua macho, akamtazama, akaendelea kumenya.

"Mwanangu, ni mimi baba."

Mtoto naye alimtazama tu.

Kinyozi alipiga magoti katikati ya maganda. Alilia kwa woga na kwa aibu, maana sasa alijua alichokionja Pumzi.

"Nisamehe," alisema.

Filimbi ikamjibu, karibu kabisa na sikio lake. Kisha ikatulia, ikamngoja aseme tena.