Tairi Zisizokauka

Ilianza Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Novemba, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, nilipoingiza pikapu yetu kwenye uwanja wa tairi kuukuu wa Mama Mdogo Yangsun. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima ya mkoa wetu wa Gangwon. Redio ilikuwa imesema theluji ingeanza alfajiri.

Figo za baba yangu zimekufa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa namvusha mlima hadi mjini, damu yake ikasafishwe kwa mashine. Jana yake, Jumatano, hatukufika. Tairi zetu zilikuwa vipara. Kwenye barafu ya kona ya kwanza tu gari likateleza, likalala mtaroni, tukavutwa na trekta ya jirani kurudishwa nyumbani. Nilimpigia daktari nikamuuliza kama tumechelewa. Akasema bado, lakini Baba akikosa na Ijumaa, maji yatapanda mapafuni. Teksi hazipandi kijijini kwetu theluji ikianguka. Gari la wagonjwa lilipanda mara moja majira ya baridi yaliyopita, kumfuata jirani yetu mmoja. Lilimkuta ameshapoa.

Nilipokuwa naondoka, Baba alikuwa ameketi kwenye sakafu yenye joto, amekunja suruali hadi magotini, anaibonyeza miguu yake. Kidole kiliacha shimo lisilofutika.

"Serin, figili zimeiva," alisema, akiipigapiga miguu. "Si ndiyo wiki ya kuchachusha mboga za kimchi? Kata hizi mbili uzitie chunguni."

"Baba, acha."

"Haya. Basi lete tairi zenye meno. Mimi mwenyewe sina." Akanisukumia chupa ya pombe ya mchele. "Na usisahau kuzinywesha."

Mama Mdogo Yangsun si ndugu yetu. Kila mtu humwita hivyo. Alitoka ndani na glavu za mpira zilizojaa pilipili hadi viwikoni.

"Umechelewa, binti. Wenye akili walinunua tairi za theluji tangu Oktoba."

"Zimebaki zipi?"

"Hizo hapo. Chagua, lakini usije kunililia."

Mimi ni mtu wa kukagua. Hata mlango wa nyumbani huufunga, nikarudi kuutikisa. Nilisoma namba za ubavuni zinazotaja juma na mwaka tairi ilipotengenezwa. Nilibinya mpira kwa kucha. Nilichomeka sarafu ya won mia kati ya meno, kichwa chini, kama tulivyofundishwa sote: ukiona kofia ya jemadari aliyechorwa kwenye sarafu, tairi imekufa. Seti ya kwanza, niliona kofia na nyusi zake. Ya pili ilikuwa na meno mazuri, lakini mpira ulikuwa wa miaka kumi, mgumu kama sahani, na nyufa. Ya tatu ilikuwa mpya, ila ya kiangazi. Kwenye theluji ingekuwa sabuni.

Ndipo nikaona turubai nyuma ya banda la mbwa. Banda lilikuwa tupu, mnyororo umelala chini. Nikafunua.

Tairi nne za theluji. Inchi kumi na sita, kipimo chetu. Zilitengenezwa mwaka uliopita. Sarafu ilizama kati ya meno hadi jemadari akapotea, kofia na yote.

Kidole changu kilitoka kimelowa.

"Hizo haziuzwi!"

"Kwa nini, Mama Mdogo?"

"Zimelowa."

"Tairi kulowa ni kitu gani?"

Alitazama barabarani, kisha akashusha sauti. "Ziko chini ya turubai tangu Aprili. Hazikauki. Mbwa alikuwa anazibwekea mpaka nikamhamishia mbele."

Nikanusa kidole. Tope... tope la chini kabisa ya bwawa. Nilijiambia ni umande tu, baridi ikikutana na mpira. Sikusoma chuo kikuu ili nikimbizwe na umande. Nikapiga magoti kwenye kokoto.

"Mama Mdogo, baba yangu asipofika kesho, atazama maji akiwa kitandani."

Akavua glavu, akaleta jeki. Alizifunga mwenyewe, akifuta kila nati kwa kitambaa kabla ya kuikaza. Nilipotoa pochi, akarudi nyuma.

"Pesa ya hizo siitaki," alisema, akaingia ndani kunawa mikono.

Kwetu, gari likivishwa tairi hunyweshwa. Unamimina pombe juu ya kila gurudumu, unainama, unasema maneno. Nilifanya vyote, gurudumu moja baada ya jingine, kama Baba alivyonifundisha.

"Tangu leo nyumba yetu ni nyumba yenu," nilisema. "Safari yetu ni safari yenu. Mgonjwa wetu ni mgonjwa wenu."

Nikaangalia chini. Kokoto zilikuwa kavu. Pombe haikutiririka hata tone.

Ilinywewa.

Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika.

"Umefanya nini?"

"Nimezinywesha..."

"Na ukasema nini?"

Nikamwambia. Akaketi juu ya rundo la tairi kama aliyekatwa miguu.

"Binti," alinong'ona, "mimi nilikupa mpira. Wewe umemkaribisha mtu."

Akanieleza harakaharaka, jicho halibanduki kwenye magurudumu. Mwezi Aprili kijana mmoja alikuwa akimkimbiza mama yake hospitali, moyo umemshika. Alikata njia ya zamani, ile inayopita kando ya bwawa la Solmi. Gari lilipotolewa majini, likiwa na tairi hizi, mama alikuwa kwenye kiti, mkanda umefungwa. Kijana hajapatikana mpaka leo.

"Tuzitoe," nikasema.

"Tuzitoe, kesho umpeleke baba yako na nini?"

Nikafungua mlango wa gari.

"Ondoka giza halijakaza. Kwenye njia panda ya Solmi shika kulia. Shika kwa nguvu."

Nilishika kwa mikono miwili. Njia panda ilipokuja, usukani ulizunguka kushoto. Haukunyang'anya. Ulizunguka polepole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo aliochoka kuubeba.

Nilikanyaga breki. Nikavuta breki ya mkono. Gari halikusikia. Njia ya zamani ilikuwa barafu tupu, na tairi hazikuteleza hata mara moja. Taa zikamulika majani makavu... kisha matete... kisha hakukuwa na kitu cha kumulika.

Maji.

Injini ikazima.

Tap... tap... tap... Kitu kilidondoka chini ya gari. Harufu ya tope ilijaa hadi machoni. Kisha, kutoka upande wa gurudumu la mbele, karibu na mguu wangu, ikaja sauti ya kijana. Ya adabu. Yenye kuhema.

"Tumechelewa?"

Gari likasogea shubiri moja. Nikasikia maji yakilamba mpira.

"Tumechelewa?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, lile nililomuuliza daktari. Nadhani ndiyo sababu nilijibu.

"Bado, kaka," nilinong'ona. "Hatujachelewa. Lakini na mimi nina baba. Mvushe yeye kwanza, kesho asubuhi. Akishafika... nitakwenda unakotaka."

Mdondoko ukakoma. Nilipogeuza ufunguo, injini ikawaka, na gari likarudi nyuma bila kubisha.

Alfajiri theluji ilikuwa imefunika ua. Nilimbeba Baba mgongoni hadi kwenye pikapu. Kifua chake kilikuwa kinakoroma kama sufuria inayochemka. Mlimani tulipita magari yaliyolala mtaroni. La kwetu lilipanda kana kwamba limepigiliwa misumari. Kwenye njia panda ya Solmi usukani ulitetemeka mikononi mwangu, kisha ukashika njia ya mjini.

"Tairi zina adabu hizi," alisema Baba. "Umechagua vizuri."

Hospitalini nesi alimchoma sindano zote mbili, damu ikaanza kuzunguka kwenye mipira, na rangi ikaanza kurudi midomoni mwake.

"Usichelewe kunifuata," aliniambia. "Chakula cha hapa hata mbwa angekirudisha jikoni."

"Sitachelewa."

Nje, kila gari lilikuwa jeupe kwa theluji. Chini ya letu maji meusi yalikuwa yanatambaa. Nilimuuliza mlinzi duka la tairi liko wapi. Akanionyesha, lilikuwa ng'ambo ya barabara, limefunguliwa. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Ningeweza kuzibadilisha. Lakini jioni, tukirudi nyumbani, tungepita tena ile njia panda, na safari hiyo ningekuwa nimevunja ahadi, na Baba angekuwa kwenye kiti kando yangu.

Nikaingia. Nikawasha gari. Kiti cha pembeni kilikuwa kimelowa.

"Haya, kaka," nikasema. "Twende."

Nikaachia usukani.