Kimo cha Kutoka Shimoni

Lifti ilikuwa imekufa tena, na watu walijazana mbele ya milango yake wakiikodolea macho. Miongoni mwao alikuwa mwalimu wa fizikia, gauni lake la bluu limekunjamana, viatu vinambana, mkoba wa vyuma vya mizani unamvunja bega. Alikuwa ameshinda shule ya mchana. Sasa darasa la jioni la watu wazima lilimngoja ghorofa ya sita. Mara akachomoza mtu kutoka kwenye shimo la lifti, ovaroli limejaa grisi, tochi mkononi.

"Samahanini, jamani. Leo ni ngazi tu."

"Na wewe fundi, utapanda na nini?" mwalimu alimwuliza kwa hasira.

"Ngazi hizo hizo, dada. Lifti ikiwa mbovu, natembea. Ikipona, siitwi."

Mwalimu akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima. Fundi akampokea mkoba. Walipofika juu wakihema, alikwisha kumweleza kwamba anataka kufaulu fizikia apate cheti, na wiki iliyofuata alikuwa ameketi dawati la mbele.

Alikuwa na kosa moja sugu. Swali lilikuwa jepesi: ndoo ya kilo kumi imeinuliwa kutoka sakafuni hadi kwenye rafu, mita mbili juu. Itafute nishati yake ukihesabu sakafu kuwa sifuri. Zidisha kilo kwa mvutano wa dunia, ambao ni kumi, kisha kwa kimo. Wenzake wote walipata jouli mia mbili. Yeye akapata mia tatu na hamsini.

"Hii mita moja na nusu umeiokota wapi, mpenzi?" mwalimu alimwuliza kwenye simu, kwa maana siku hizo walishaanza kuitana hivyo.

"Chini ya sakafu si kuna shimo? Kazini vimo vyote tunapima kutoka shimoni."

"Ndoo haina shimo! Sifuri unaweza kuiweka popote, lakini ukiambiwa sakafu, ni sakafu."

"Basi nipe alama ya huruma, mwalimu wangu."

"Huruma nakupa. Alama, ng'o!"

Walipendana hivyo hivyo, katika uchovu. Wakikutana, mmoja akisimulia, mwenzake alipiga miayo, na hakuna aliyenuna. Kisha ikafika Jumapili ya fundi kujitambulisha kwa dada mkubwa, aliyemlea mwalimu tangu utotoni. Fundi alichelewa. Shati lilikuwa jipya, shingo ina grisi. Aliketi, akapewa chai, na kabla haijapoa alikuwa anakoroma mdomo wazi mbele ya dada na shemeji.

"Huyu ndiye mume?" dada aliuliza.

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akamwamsha, akamtoa nje.

"Umeniaibisha kwa watu wangu!"

"Nisamehe, mpenzi. Nilichoka."

"Na mimi sichoki? Mbona niko macho?"

Fundi akaenda zake. Alipiga simu, hazikupokewa, naye akaacha kupiga. Dawati la mbele likabaki tupu. Mwalimu alifundisha akilitazama, moyo umemwia mzito kuliko mkoba.

Jioni moja akakuta lifti inafanya kazi.

"Mshukuru fundi," mlinzi wa mlangoni alimwambia. "Leo ndiyo imewaka, lakini mota mpya yeye na mwenzake waliibeba mabegani kutoka chini mpaka paani siku nyingi. Jumamosi moja, kutwa na usiku kucha. Asubuhi akanawa hapa bombani, akavaa shati, akasema anakwenda kuchumbia."

Mwalimu hakuipanda ile lifti. Alipiga simu.

"Uko wapi?"

"Shimoni, hapa hapa chini. Natia grisi."

"Toka."

Wakaketi kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema na wewe unachoka. Nikaona ni kweli."

"Nilikupima kutoka kwenye kiti cha dada," mwalimu alisema. "Kumbe wewe ulianzia shimoni. Nimekukosea, mpenzi."

"Mita moja na nusu," fundi alijibu taratibu. "Nilikuambia, ukaninyima alama."

"Jumapili uje tena kwa dada."

"Nikilala je?"

"Ulale. Nitamweleza umetoka wapi. Ukiamka, mtapanga harusi."

Kichwa cha fundi kilikuwa kimemwangukia begani, na grisi ilikuwa inapenya kwenye gauni la bluu. Milango ya lifti ikafunguka, wanafunzi wake wakaingia.

"Mwalimu, hupandi?"

"Shh! Tangulieni," alinong'ona, bila kulisogeza bega. "Anzeni swali la kwanza. Nakuja akiamka."