Fundi Miwani na Mdudu wa Minziro

Ofisi ya vifurushi katika stendi ya Nyegezi ilifurika watu asubuhi ile ya Jumamosi. Basi la Bukoba na la Dar es Salaam yalikuwa yameingia kwa kufuatana, na karani alikuwa akigawa maboksi bila hata kuinua macho. Shimba Machibya, fundi miwani mwenye duka dogo Mtaa wa Rufiji, alipokea lake, akasaini, akalifungua palepale ahakikishe fremu zake hazijavunjika.

Hakukuta fremu. Alikuta vichupa vya kioo virefu kama kidole, vimejaa spiriti, na ndani ya kila kimoja kiumbe mdogo mwenye miguu minane myembamba kama nyuzi.

"Kaka, hilo ni la kwangu," sauti ilisema nyuma yake. "Nadhani hili ndilo la kwako."

Aligeuka. Mwanamke wa miaka kama ishirini na minane alisimama mbele yake, gauni la kitenge la kijani limemkaa vizuri, nywele kazisuka mabutu. Usoni alikuwa amevaa mojawapo ya fremu za Shimba, isiyo na kioo.

"Imekupendeza," Shimba alisema. "Lakini boksi zima la buibui, dada?"

"Si buibui. Buibui ana kiuno. Huyu kichwa na tumbo vimeungana kama punje ya harage. Hafumi utando, wala hana sumu."

"Maskini. Sasa anajiteteaje?"

"Anakimbia. Akikamatwa, anaacha mguu."

Shimba alicheka, naye akacheka. Walibadilishana maboksi, kisha wakabadilishana namba za simu, ingawa hakuna aliyeweza kueleza namba zilihitajika kwa ajili ya nini.

Jina lake lilikuwa Kokushubira, Mhaya wa Muleba, na wote walimwita Koku. Alifanya kazi katika makumbusho madogo ya viumbe huko Isamilo. Kabatini mwake kulikuwa na vichupa mia tatu vya wadudu wale, vilivyokusanywa misituni zaidi ya miaka hamsini iliyopita, vingi vikiwa na kikaratasi cha mahali na tarehe tu. Kazi yake ilikuwa kuwaweka mmoja mmoja chini ya hadubini, kuhesabu miiba ya mgongoni, kupima miguu, kisha kusema huyu ni wa jamii gani na anaitwa nani.

Mapenzi yao yalishika kasi. Jumapili walikaa juu ya mawe ya Capri Point wakila sato wa kukaanga, upepo wa ziwa ukipeperusha ushungi wake. Siku za kazi waliishi kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Kuna dume mmoja ananisumbua tangu asubuhi."

"Dume gani?"

"Ana miiba mitano mgongoni."

"Mimi sina hata mmoja."

"Ndiyo maana nakupenda wewe, Msukuma wangu."

Dume yule alitoka msitu wa Minziro, akafika ndani ya lile boksi la Nyegezi. Koku aliamini hajawahi kupewa jina na mtu yeyote. Mdudu aliyefanana naye zaidi katika vitabu alikuwa na miiba mitatu, lakini mchoro wa kitabuni ulikuwa hafifu. Ili kuwa na hakika, ilibidi amweke wake kando ya kielelezo chenyewe, yaani yule mdudu wa kwanza kabisa aliyepewa jina hilo. Makumbusho fulani ya Ulaya yalikuwa yamemwazima mtafiti mmoja wa Bukoba kielelezo hicho, na mwisho wa mwezi kilipaswa kurudi.

Mtafiti huyo aliitwa Jovitus. Ndiye aliyekuwa ametuma lile boksi la Nyegezi. Tena aliwahi kuwa mchumba wa Koku.

Koku hakuficha. "Tuliachana miaka mitatu iliyopita, alipokwenda kusoma nje," alimwambia Shimba. "Sasa ni mwenzangu wa kazi, basi."

Shimba alisema ameelewa. Lakini tangu siku hiyo kila simu ya Koku ilipoita, masikio yake yalisimama. Akimwona anatabasamu kwenye skrini, alijiuliza ni nani. Usiku alimtafuta Jovitus mtandaoni, akakuta picha ya mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, akaitazama hata alipokuwa hataki.

Jumamosi moja Koku alikuja dukani, akaacha simu juu ya kaunta, akavuka barabara kununua sambusa. Simu ikaita. Jovitus. Shimba akapokea.

"Koku?"

"Hapana. Ni Shimba."

"Ah, kaka, habari za huko. Mwambie kielelezo kiko tayari. Nakileta mwenyewe Jumatano, nitakaa siku mbili tukiangalie pamoja."

Siku mbili. Pamoja. Shimba aliona chumba kidogo, hadubini moja, na vichwa viwili vilivyoinamiana.

"Amesema hakihitaji tena," alijibu, na utulivu wa sauti yake ukamshangaza mwenyewe. "Kazi ile ameiacha. Aliniambia nikueleze usisumbuke."

"Sawa," Jovitus alisema, akakata.

Shimba aliifuta simu ile kwenye orodha. Koku aliporudi na sambusa za moto, alikula mbili bila kusikia ladha.

Siku nne zilizofuata zilikuwa ngumu kwa wote wawili. Koku alisubiri simu ya Jovitus, macho yakamwingia ndani. "Labda ananilipizia kisasi," alisema Jumanne, kichwa chake begani kwa Shimba. "Labda bado ana kinyongo na mimi."

"Wanaume ndivyo tulivyo," Shimba alijibu, na aibu ikampanda hadi masikioni. Hapo ndipo angesema. Hakusema.

Jumatano Koku mwenyewe alimpigia Jovitus simu. Saa tano asubuhi alikuwa mlangoni pa duka, koti jeupe la maabara bado mwilini. Shimba alikuwa akimpima macho Mzee Ngosha, mteja wake wa Buhongwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Utanisamehe, nina neno moja tu. Shimba, ulipokea simu yangu Jumamosi?"

"Koku, ngoja nimalize na mzee."

"Ulipokea?"

"Nilipokea."

"Ukamwambia nimeacha kazi?"

Shimba aliweka lenzi mezani. "Alisema atakaa siku mbili. Nilishindwa kuvumilia."

"Ungeniuliza. Ungenigombeza hata, ningeelewa." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimwumiza Shimba zaidi. "Nimekaa na yule mdudu miezi saba. Sasa Jovitus anasema hawezi kuitwa na kufukuzwa kama mbwa. Jumatatu anakirudisha kielelezo Ulaya. Hukunionea wivu, Shimba. Umenihujumu."

Alitoka. Mzee Ngosha alivua ile fremu nzito ya vipimo, akaikabidhi taratibu.

"Kijana," alisema, "hili hata bila miwani nimeliona."

Alfajiri ya Alhamisi Shimba alifunga duka, akapanda basi la Bukoba. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Walivuka daraja la Busisi jua likichomoza juu ya maji, wakapita Geita na Biharamulo, na njia nzima alipanga maneno na kuyapangua. Alipomkuta Jovitus ofisini kwake saa tisa mchana, maneno yote yalimtoka isipokuwa yale ya kweli.

"Mimi ndiye Shimba. Nilikudanganya. Koku hajui kama nimekuja. Anakihitaji kile kielelezo."

Jovitus alikuwa mrefu kuliko picha yake. Alimwonyesha kiti. "Kwa nini ulidanganya?"

"Wivu."

"Wivu wako haukuwa wa bure," Jovitus alisema. "Nilitaka kumwomba turudiane. Bado nataka."

Shimba aliikunjua mikono yake iliyokuwa imekunja ngumi. Akaiweka magotini. "Hilo atalijibu yeye. Nipe chupa nimpelekee. Kazi yangu ni vioo, sitaivunja."

"Nikukabidhi wewe?" Jovitus alitikisa kichwa. "Siwezi. Nitakipeleka mwenyewe."

Hivyo kesho yake wanaume wawili walirudi Mwanza katika basi moja, viti vya jirani, chupa imefungwa pamba kifuani kwa Jovitus. Walipofika Muleba, Jovitus alionyesha kwa kidole nje ya dirisha. "Kwao ni kule, nyuma ya migomba ile." Alipajua. Shimba alikuwa hajawahi kupelekwa. Alitazama migomba ile mpaka ikapotea, na moyo wake ukawaka.

Pale Isamilo, Koku alipowaona wakishuka pamoja kwenye bajaji, alisimama mlangoni. Alimsalimia Jovitus, akamkaribisha ndani. Kwa Shimba alisema, "Asante kwa kumleta," kisha mlango ukafungwa.

Hizo ndizo zilikuwa zile siku mbili alizoziogopa Shimba. Jumamosi alikata lenzi moja vibaya, halafu nyingine. Alishika simu mara ishirini, hakupiga. Alikwenda hadi kona ya barabara ya Isamilo, akasimama, akageuka. Jumapili aliketi kanisani bila kusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumatatu jioni, alipokuwa akishusha shata la duka, Koku alikuja. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya udongo na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha kwenye hadubini.

"Ni wawili tofauti," alisema. "Si miiba tu, hata maumbile ya dume hayafanani. Wangu hana jina duniani."

"Hongera, Koku." Alimaanisha. Halafu, kwa sababu hakuweza kujizuia: "Utamwita nani?"

"Si wewe, si Jovitus. Ataitwa kwa jina la msitu wake." Aliketi juu ya ngazi ya duka. "Jovitus aliniomba turudiane. Nilimwambia hapana. Ameshapanda basi la mchana."

Shimba aliketi, akiacha nafasi kati yao. "Na mimi?"

"Wewe nina hasira nawe. Lakini wanaume wenye wivu nimewaona wengi, na hakuna aliyepanda basi kwenda kujishitaki kwa mtu anayemwonea wivu." Alikunja pindo la gauni lake. "Jovitus mwenyewe alisema hivyo. Ilimuuma kusema."

"Nikuoe, Koku," Shimba alisema. "Sikuandaa pete wala maneno. Nipeleke Muleba nikawaone wazee wako."

Watu walipita mbele yao kuelekea sokoni. Koku alisogea, akaijaza ile nafasi.

"Nitakupeleka," alisema. "Lakini Jovitus atakuja harusini. Bila yeye nisingekuwa na yule mdudu."

Shimba alisikia kile kitu cha zamani kikiamka kifuani mwake, kikipanda, kikifika kooni. Akakimeza.

"Atakaa meza gani?"

"Ya mbele."

Alimshika mkono. "Basi iwe ya mbele."